Kwa Kauli Moja

Saa kumi kasorobo alasiri. Kivuli cha mwembe kimeshawahama wazee wa mabenchi ya mbele, na jua sasa linawachoma shingoni. Mkutano mkuu wa kijiji ulioitishwa saa nne asubuhi ulianza saa saba. Wageni wametambulishwa, wamesalimia, wametambulishwa wengine, nao wamesalimia. Mwenyekiti anasimama, anakunja karatasi yake na kuuliza kwa sauti ya mtu anayefunga duka: "Kwa hiyo, ndugu wananchi, tumekubaliana?"

"Ndiyooo!"

Kwenye mikeka, upande wa akina mama, kuna mkono uliokuwa umeanza kupanda. Unafika usawa wa bega, unasita, kisha unajifanya ulikuwa unakwenda kurekebisha ushungi.

Mtendaji wa kijiji, mwandishi wa mkutano, hajauona. Ameinamia daftari, anaandika: "Wajumbe waliafiki kwa kauli moja."

Sentensi hiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Aliyewahi kupekua madaftari ya mihtasari ya vijiji anaijua. Iko chini ya ajenda ya choo cha shule, iko chini ya ajenda ya mchango wa madawati, iko chini ya ajenda ya ekari zilizokwenda kwa mwekezaji. Maneno yale yale, mwandiko ule ule.

Kinachoniudhi ni kwamba mara nyingi anayeiandika hasemi uongo. Anaamini kweli kwamba watu wote wamekubali.

## Ndiyo hiyo ina uzito gani

Kama ingekuwa ndiyo ya kupashana habari tu, nisingejali. Lakini hapa Tanzania, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, mkutano mkuu ndio wenye kauli ya juu katika sera za kijiji. Ndio unaoiweka halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, na ndio unaoweza kuiondoa. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri hiyo inaishika ardhi kama mdhamini, na haiwezi kugawa kipande bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa iwe ardhi ya jumla, yaani itoke mikononi mwa kijiji, na ukubwa wake ukiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo uamuzi unakwenda kwa waziri, ambaye lazima ayazingatie mapendekezo ya mkutano.

Hekta 250 ni karibu ekari 618.

Sasa jiulize ni watu wangapi pale chini ya mwembe wanaopima shamba kwa hekta. Hakuna. Wanapima kwa ekari, na wengine kwa hatua. Mtaalamu anasema "mia mbili", mwananchi anasikia ekari mia mbili, karatasi inasema hekta, na tofauti yake ni karibu ekari mia tatu zilizopita katikati ya neno moja. Anayeongoza mkutano wa ardhi aipige marufuku hekta isiyofuatwa papo hapo na ekari zake, kisha ataje mipaka kwa vitu vinavyoonekana: kutoka mbuyu wa njia panda hadi korongo, kutoka korongo hadi kisima cha zamani. Na watu wachache kutoka kila kitongoji wawe wameipita mipaka hiyo kwa miguu kabla ya siku ya mkutano. Ramani iliyobandikwa ukutani ni ya kuwaridhisha wageni. Chora chini kwa jivu na vijiti, utaona wazee wanainuka kwenye benchi na kuanza kubishana mto unapita wapi. Hapo ndipo mazungumzo yameanza.

## Siku, saa na mbiu

Mkutano mkuu wa kawaida huitishwa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo kisingizio cha dharura hakina nguvu sana. Tarehe inaweza kujulikana mapema. Epuka siku ya gulio, Ijumaa, Jumapili asubuhi, na wiki ambayo mvua ya kwanza ya kupandia inatarajiwa. Kukitokea msiba siku hiyo, ahirisha bila kubishana. Ukilazimisha utapata watu ishirini na lawama za mwaka mzima.

Tangazo la karatasi lenye ajenda liwekwe siku saba kabla, na lisiishie kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, ambao wanaousoma ni wale wale waliokwenda kugonga muhuri. Liwekwe kwenye mashine ya kusaga, kisimani, zahanati, dukani kwa muuza vocha. Msikitini na kanisani litangazwe kwa mdomo. Wenyeviti wa vitongoji wapite nyumba kwa nyumba. Siku moja kabla, jioni watu wanapotoka shambani, mpiga mbiu apite, au bodaboda yenye spika.

Na mbiu itaje jambo lenyewe. "Mnatangaziwa mkutano wa maendeleo" haimtoi mtu shambani. "Kesho tunaamua kama eneo la malisho la bondeni ligawiwe" inamtoa hata mgonjwa.

Suala la saa ni gumu zaidi, na sijui mwenyekiti asiyelilalamikia. Wanaandika saa nne wakijua watu watakuja saa sita, na watu wanakuja saa sita wakijua iliandikwa saa nne kwa sababu hiyo. Ukiwasubiri wachelewaji, unawafundisha waliowahi kwamba walikosea. Dawa iliyowahi kufanya kazi ni kuanza saa nne na nusu kwa mambo yasiyohitaji uamuzi: kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo (yaani yaliyofuata baada ya maamuzi yale), kisha taarifa ya mapato na matumizi. Uamuzi wowote usubiri akidi, ile idadi ya watu inayotakiwa, itimie. Lakini hesabu za fedha zinazosomwa mapema ndizo watu wanazotaka kuzisikia kwa masikio yao, na aliyezikosa safari hii atawahi safari ijayo.

Halafu kuna saa ya akina mama, ambayo haimo kwenye tangazo lolote. Kabla ya saa nne wako kwenye maji, kuni na watoto. Ikifika saa kumi wameanza kuangalia njia, kwa sababu chakula cha jioni hakijipiki. Jambo zito likifika mezani saa kumi, linaamuliwa na wasiopika.

## Karatasi ya mahudhurio

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo madhara makubwa yanapotokea bila kelele.

Kwanza hesabu. Watu 300 wakipanga foleni moja, na kila mmoja akichukua sekunde 20 kutaja jina na kuweka saini au dole gumba, foleni inakwisha baada ya dakika 100. Kijiji chenye vitongoji vitano kiweke meza tano, kila moja na daftari la kitongoji chake na mwandishi anayewajua watu wake. Foleni inakwisha kwa dakika 20. Faida ya pili ni kwamba mwandishi wa kitongoji anamjua kijana wa miaka 16 aliyerefuka mapema, na anawajua wageni wa kijiji jirani waliofuata ng'ombe. Mjumbe wa mkutano mkuu ni mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18. Wengine wakaribishwe wasikilize, lakini wakae kando, ili mikono itakapohesabiwa wasiwe katikati.

Sasa madhara. Orodha ya mahudhurio huandikwa kwenye karatasi za mistari zisizo na kichwa. Majina 300 yenye saini, na juu hakuna kitu. Mkutano ukiisha, karatasi hizo zinakwenda ofisini. Kesho yake, kinachozuia zisibanwe nyuma ya muhtasari wa jambo jingine kabisa ni uaminifu wa aliyeshika mashine ya kubania.

Saini ya kusema "nilikuwepo" inageuka kuwa saini ya "nilikubali".

Kinga yake haigharimu kitu. Kila ukurasa, kabla mtu wa kwanza hajasaini, uandikwe juu jina la kijiji, tarehe, ajenda kuu na maneno haya: "Saini hii ni ya mahudhurio tu." Kurasa zipewe namba. Mstari wa mwisho uliotumika ufungwe kwa kalamu hadi chini ya ukurasa, ili asiongezwe mtu usiku. Idadi isomwe kwa sauti mkutanoni, kitongoji kwa kitongoji, na iandikwe kwenye muhtasari siku hiyo hiyo. Anayepinga utaratibu huu kwa hoja kwamba unachelewesha, mwangalie vizuri.

## Meza kuu

Meza yenye kitambaa, maua ya plastiki na chupa za maji, mbele ya watu waliokaa vumbini. Sihitaji kueleza zaidi.

Lakini kuna mambo ya kupanga ambayo hayahusu hadhi hata kidogo. Jua liwe machoni mwa mwenyekiti, lisiwe machoni mwa wananchi. Asiyeweza kukutazama hawezi kukuomba nafasi. Kivuli cha saa nne si kivuli cha saa nane, kwa hiyo simama hapo siku moja kabla, saa nane, uone kitakuwa wapi. Upepo utoke nyuma ya msemaji. Kama kuna kipaza sauti cha mkononi, nunua betri mpya na akiba yake, na kipaza hicho kiwafuate wanaouliza. Kikikosekana, mwenyekiti arudie kila swali kwa sauti kabla halijajibiwa, la sivyo nusu ya mkutano inasikia majibu ya maswali isiyoyajua.

Watu wakae nusu duara. Mikeka ya akina mama ikiwekwa pembeni au nyuma, mwenyekiti atawaona kwa kugeuza shingo, na mtu aliyechoka hageuzi shingo. Itandikeni mbele katikati. Vijana wa bodaboda watasimama nyuma wakiwa wameegemea pikipiki, tayari kuondoka. Waacheni, ila mtumeni mjumbe mmoja akasimame nao, kwa sababu minong'ono ya nyuma ndiyo maoni yao.

Wageni nao wana mahali pao. Salamu dakika tatu kila mmoja, na itifaki izingatiwe kwa sentensi moja. Mgeni mwenye jambo lake, awe mwekezaji, mtaalamu au kiongozi wa ngazi ya juu, alieleze chini ya ajenda yake, ajibu maswali, kisha aage. Uamuzi ufanyike akiwa ameshaondoka. Ni vigumu kumwomba mgeni aondoke, najua, na Waswahili hatukulelewa hivyo. Basi panga tangu mwanzo: chakula chake kiwe ofisini, na kiwe tayari saa ile ile.

## Oyee

Kwa muda mrefu nilidhani tatizo la "ndiyooo" ni uoga. Upo, lakini hautoshi kuwa maelezo. Watu wale wale wanaoitikia ndiyo mkutanoni huwezi kuwazuia kusema mbele ya mwenyekiti huyo huyo kwenye kahawa jioni.

Kilichonigeuza ni kusikiliza mkutano kwa masikio tu, bila maneno.

"Kijiji!" "Oyee!" "Akina mama!" "Oyee!" "Maendeleo!" "Oyee!" "Tunaelewana?" "Ndiyooo!" "Tuendelee?" "Ndiyooo!" "Tumekubaliana?"

Ni wimbo ule ule. Kiongozi anaanzisha, umati unapokea. Kwa saa tatu midomo imezoezwa kupokea, na lile swali lenye ekari ndani yake limekuja kwa mahadhi yale yale. Kunyamaza hapo ni kama kutopokea salamu. Mtu hajakubali jambo, ameitikia.

Hii ndiyo sababu siamini tena kwamba uamuzi unaweza kuulizwa kwa mdomo wa pamoja, hata na mwenyekiti mwema. Salamu za oyee zibaki, zinachangamsha. Lakini mwenyekiti asitumie "tunaelewana?" kama koma ya sentensi zake. Na wakati wa uamuzi ukifika, wimbo ukatwe: watu wanyamaze, swali liandikwe, lisomwe mara mbili polepole, kisha lijibiwe kwa kitu kingine kisichokuwa sauti.

## Kuuliza

"Kuna mwenye swali?" Kimya. "Basi tuendelee."

Kimya hicho kwa kawaida hudumu sekunde mbili. Hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo. Ni kirefu kuliko unavyodhani, na mara nyingi mkono wa kwanza unapanda kwenye saba. Neno lenyewe pia linakwaza: mwenye swali ni mtu ambaye hakuelewa, na nani anataka kuonekana hakuelewa mbele ya wakwe zake? Uliza: "Nani ana dukuduku?" au "Nini kinaweza kuharibika tukifanya hivi?" Swali la pili linamfanya anayepinga aonekane mtu anayesaidia.

Kwa jambo zito, vunja mkutano kwa dakika kumi na tano. Akina mama kwao, vijana kwao, wazee kwao, wafugaji kwao, wakulima kwao. Kila kundi lirudi na mambo mawili linayoyaogopa na moja linalolitaka, na msemaji wake aanze kwa "kundi langu linasema". Yule mama wa ushungi, ambaye asingesimama peke yake kupinga jambo analolitaka shemeji yake, sasa maneno yake yanasemwa na watu sitini.

Baada ya hapo kanuni ni chache. Dakika tatu kwa msemaji, na mtunza saa awe mtu anayeheshimika asiye kiongozi. Hakuna anayerudi mara ya pili kabla wa mara ya kwanza hawajaisha. Kusanya maswali matatu ndipo yajibiwe, maana ukijibu moja moja, mkutano unageuka mabishano ya watu wawili huku wengine wakitazama. Jibu lisilojulikana lijibiwe "sijui, jibu litabandikwa mashineni tarehe fulani", na tarehe itajwe. "Hilo liko ngazi ya juu" ni jibu linaloua mikutano mitatu ijayo.

Mlevi wa kijiji asifukuzwe haraka. Apewe dakika zake tatu kama wengine. Mara nyingi anasema lile ambalo wengine wamekuja nalo kifuani, na ukimfukuza umewafukuza wote.

Tuhuma zikimgusa mwenyekiti mwenyewe, au ajenda ikiwa na maslahi yake au ya ndugu yake, ashuke kitini na mkutano uteue wa kuuongoza kwa ajenda hiyo. Atatetewa vizuri zaidi akiwa amekaa na wananchi kuliko akiwa ameshika kipaza sauti.

## Hela

Taarifa nyingi za fedha huharibiwa kwa namna mbili: ama inasomwa haraka kama orodha ya marehemu, ama inasomwa yote, hadi bei ya kalamu. Wananchi wanataka namba tatu: kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki kiko wapi.

Tuseme mchango wa darasa. Kaya 450, kila moja shilingi 10,000, lengo 4,500,000. Zimekusanywa 2,870,000. Saruji mifuko 80 kwa 17,000 ni 1,360,000. Mchanga lori nne kwa 120,000 ni 480,000. Fundi 700,000. Jumla iliyotoka 2,540,000. Zimebaki 330,000, ziko benki, na karatasi ya benki hii hapa, izungushwe. Andika kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa, herufi za kusomeka kutoka hatua kumi, na ibaki imebandikwa baada ya mkutano. Mfuko wa saruji ni kitu ambacho kila mtu pale anaweza kwenda kuhesabu au kuuliza bei yake dukani, ndiyo maana unamnyima mwizi usingizi kuliko neno "matumizi mbalimbali".

Na usiwataje kwa majina waliochelewa kuchanga. Utakusanya hela kidogo na kuwapoteza watu wengi.

## Mengineyo

Ukiniuliza ajenda hatari kuliko zote katika mkutano wa kijiji, sitataja ardhi. Nitataja mengineyo.

Ni saa kumi na moja. Theluthi moja wameshaondoka. Ndipo linaletwa "jambo dogo tu, ndugu wananchi": kuna mtu anaomba sehemu ya kufyatulia matofali, kuna kampuni inaomba eneo la mnara, kuna mchango mpya. Halikuwa kwenye tangazo. Waliokuwa na la kusema juu yake hawakujua waje. Waliobaki wanataka kwenda nyumbani. "Tumekubaliana?" Unajua jibu.

Sheria iwe moja, na isomwe mwanzoni mwa kila mkutano: chini ya mengineyo jambo linaweza kutajwa, haliwezi kuamuliwa. Linaandikwa, linakwenda halmashauri ya kijiji, linarudi kama ajenda mkutano ujao likiwa kwenye tangazo. Kama mwombaji hawezi kusubiri miezi mitatu, mkutano wa dharura upo, nao una mbiu yake.

Kwa sababu hiyo hiyo jambo zito likae katikati, baada tu ya fedha, watu wakiwa wamekwisha kufika na hawajachoka. Mambo ya kuamua yasizidi matatu kwa siku. La nne litaamuliwa na njaa.

## Hapana kwanza

Swali likishasomwa mara mbili, anza na wanaokataa.

Ni badiliko dogo ambalo nimelipinga kichwani kwa muda, nikiona ni kama kuchokoza ubishi. Lakini fikiria utaratibu wa kawaida: wanaokubali wanyooshe, msitu wa mikono unasimama, kisha "wanaokataa?" Nani atanyoosha wake baada ya kuuona msitu ule? Ukianza na hapana, anayekataa anainua mkono kabla hajajua yuko peke yake au la. Halafu wanaokubali. Halafu wasioamua, ambao nao ni watu na wana namba yao.

Hesabu zifanywe kwa vitongoji, kila kitongoji kikiwa na wahesabu wawili, mmoja akiwa miongoni mwa wanaopinga. Jumla ya makundi matatu ilinganishwe na mahudhurio. Ikizidi, rudieni.

Jambo likiwa linagusa ndugu kwa ndugu, au tajiri wa kijiji, mikono haitoshi. Hapo kuna njia isiyohitaji karatasi wala kusoma. Kila mjumbe anapewa punje moja ya hindi na moja ya haragwe, hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Nyuma ya pazia la kanga kuna vyungu viwili vyenye midomo myembamba: cha kura na cha mabaki. Anatumbukiza moja huku, nyingine kule, anatoka mikono mitupu. Chungu cha kura kinamwagwa kwenye kitambaa mbele ya wote na kuhesabiwa, kisha cha mabaki kinahesabiwa pia. Mahindi ya chungu cha kwanza lazima yalingane na maharage ya cha pili. Yasipolingana, huenda kuna mtu alikuja na punje zake mfukoni. Tumieni mbegu za aina isiyolimwa sana pale.

## Shaka yangu

Bado sijamaliza kubishana na nafsi yangu. Kura inahesabika, lakini kura inagawa. Mikutano ya zamani ya wazee haikuhesabu mikono. Ilikaa hadi usiku, hadi mwenye kinyongo akasema "haya, nimeridhika". Kijiji si bunge. Waliopigiana kura leo kesho wanachota maji kisima kimoja, na waliokataa ndio watakaotakiwa kulinda huo mpaka mpya.

Chukua mfano wa eneo la malisho. Wakulima 190, wafugaji 170. Kwa hesabu wakulima wameshinda. Kwa maisha, umetangaza ugomvi wa msimu mzima, na ng'ombe hawasomi muhtasari.

Kwa hiyo nimefika mahali pa katikati ambapo sipo kwa raha. Kura ihesabiwe, ila isiwe lazima kumaliza jambo siku hiyo. Wanaokataa wakifika hata mmoja kati ya kila wanne, au wakiwa wote wa kundi moja au kitongoji kimoja, uamuzi uahirishwe na watu watano au saba kutoka pande zote wapewe wiki mbili kutafuta sura nyingine ya jambo lile: njia ya mifugo ya upana fulani, msimu fulani, fidia fulani. Sheria yenyewe haikimbilii mbio hizo. Katika kuhamisha ardhi ya kijiji inataka aina, kiasi na muda wa fidia viwe vimekubaliwa kabla ya uhamisho. Kuna mambo, kama darasa linalosubiri bati na mvua iko mlangoni, ambayo kuahirisha ni kuyaua. Hayo yaamuliwe. Kutofautisha hayo mawili ndiyo kazi ya mwenyekiti ambayo sijaona orodha ya kuifundisha.

## Daftari

Muhtasari uandikwe kwenye daftari la jalada gumu lenye kurasa zenye namba. Karatasi huru hubadilishwa. Ukurasa wa daftari ukichanwa unaacha meno. Kila uamuzi uwe na mambo matano: nini kimeamuliwa, nani atafanya, lini, kwa fedha ipi, na waliokataa walikuwa wangapi na kwa sababu gani.

Dakika kumi za mwisho, kabla ya sala ya kufunga, mtendaji asimame na kusoma maamuzi aliyoyaandika. Asome kwa sauti, neno kwa neno, bila "na kadhalika". Watu wataguna. Mzee atasema si mwezi wa sita, tulisema wa saba. Mama atasema mmeandika kisima na sisi tulisema pampu. Masahihisho yafanywe kwa kukata mstari mmoja unaoacha neno la zamani lionekane, ndipo mwenyekiti na mtendaji wasaini, muhuri ugongwe, na mistari iliyobaki ifungwe. Nakala ipigwe picha kwa simu na watu watatu wa vitongoji tofauti pale pale, na nyingine ibandikwe kwenye mashine ya kusaga ndani ya siku tatu.

Na pale ambapo kalamu ilizoea kuandika "kwa kauli moja", iandike: "Waliokataa 41, waliokubali 312, wasioamua 17. Waliokataa wanasema mpaka mpya unafunga njia ya kisimani." Mkutano ujao ukifunguliwa, yatokanayo yanaanza na hao 41, na mwenyekiti anawauliza kama njia imepatikana.